Kuhama kutoka filamu na vitabu kwenda usanifu wa programu, ukiwa Mtwara

Mchana nilikuwa napanga kurasa: vijitabu vya kwaya, ripoti za miradi, mara moja moja riwaya ya mwalimu mstaafu aliyeamua kujichapishia. Usiku nahariri video za harusi, na filamu fupi za vijana wa Magomeni ambao malipo yao yalikuwa ni chipsi na ahadi. Nimeishi hivyo miaka saba. Sasa kazi yangu ni kusanifu skrini za simu na tovuti, na bado nakaa Mtwara hii hii. Haipiti wiki bila mtu kunipigia kuuliza aanzie wapi, na nimechoka kurudia, kwa hiyo nayaandika.

Mwongozo huu ni wa mhariri wa video, mpiga picha, mwandishi wa skripti, mpanga kurasa au msoma prufu. Kama ndiyo kwanza umemaliza shule na hujawahi kufanya lolote kati ya hayo, utapata cha kuokota, ila sikukuandikia wewe.

Hatua ya 1: Ita ujuzi wako kwa jina la huko unakokwenda

Chukua daftari. Upande wa kushoto andika kila ulichowahi kulipwa kukifanya, hata kidogo. Upande wa kulia andika kinavyoitwa kwenye usanifu wa programu. Storibodi yako kule ni mchoro wa awali wa skrini. Kupanga matukio ili mtazamaji asipotee kule ni kupanga njia ya mtumiaji, kuanzia anapofungua programu mpaka anapopata alichofuata. Mahojiano ya filamu ya maisha halisi, yale ya kukaa na mtu kibarazani mpaka asahau kamera, ni utafiti wa watumiaji, na kwa kweli wengi waliosomea kompyuta hawawezi kukaa kimya muda huo. Kusoma prufu hakubadiliki jina wala uchungu.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Aliyewahi kuandika manukuu ya filamu anajua sheria yake: mistari miwili, herufi 42 hivi kwa mstari, na msomaji hana muda kwa sababu midomo ya mwigizaji inakwenda. Sasa chukua simu ya kitochi, piga nyota 150 nyota 00 reli. Menyu ya M-Pesa inayotokea inasafiri ndani ya ujumbe wenye nafasi ya herufi 182, hakuna zaidi. Siku moja nililetewa menyu ya wakulima iliyokuwa imezidi. Walioitengeneza walikuwa wanakata chaguo zima zima ili itoshe. Mstari wa kwanza ulisema hivi:

"Tafadhali ingiza namba ya utambulisho ya mkulima uliyopatiwa na chama chako cha msingi"

Hizo ni herufi 86 ukihesabu na nafasi. Niliandika:

"Andika namba yako ya mkulima"

Ni 28. Hakuna chaguo lililokatwa, na nilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sikuwa na akili kuliko wao. Nilikuwa nimekaa miaka nikibana maneno chini ya picha za watu wanaolia.

Hatua ya 2: Vunja tabia mbili

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tabia ya kwanza ni kudhani mtu anatazama. Kwenye filamu mtu ametulia, wewe ndiye unayemwongoza jicho. Kwenye kitabu anafungua ukurasa wa kwanza na kwenda wa pili. Kwenye simu ana kidole gumba, na kidole gumba hakina adabu. Kinagusa kinachong'aa, kinarudi nyuma, kinafunga.

Mradi wangu wa kwanza wa mazoezi ulikuwa skrini ya kumwonyesha mkulima wa korosho matokeo ya mnada. Kwa wasio wa kusini: tangu 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa na kupangwa daraja, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, kisha hela inakuja baada ya makato. Kati ya kupima na kulipwa kuna siku za kuulizana, "Vipi, za kwako zimetoka?" Nikasema hapa pana kazi ya msanifu.

Nikachora kwenye karatasi ya ukubwa wa simu. Juu nikaweka picha nzuri ya korosho, kubwa, kama bango la filamu. Chini yake kilo, daraja, bei, makato, malipo. Nikapanda gari mpaka Nanguruwe na karatasi zangu, nikamkuta bibi mmoja amekaa kwenye gogo nje ya ghala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeleta hela?"

"Hapana bibi, nimeleta karatasi. Hii tufanye ni simu. Ukitaka kujua hela yako imefika wapi, utabonyeza wapi?"

Akabonyeza picha ya korosho. Akangoja. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Mbona haifunguki?"

"Hiyo ni picha tu, bibi."

"Picha ya korosho ya nini? Korosho si nimezileta mwenyewe?"

Halafu akaja kwenye namba, 1,240, akauliza ni kilo au ni shilingi. Neno la kipimo nilikuwa nimeliandika, lakini dogo, kwa kijivu, chini ya namba, kama maelezo ya picha kitabuni. Kwenye jua la saa saba halikuwepo. Baadaye nikajifunza kwamba kuna kiwango cha kimataifa cha tofauti ya weusi na weupe kati ya maandishi na kinachoyabeba, angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu changu hakikufika hata nusu. Lakini bibi alinifundisha kabla ya kiwango.

Basi kabla hujagusa kompyuta, chora kwenye karatasi na uwape watu watano. Si hamsini. Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha makosa mengi ya usanifu, na mimi sijaona sababu ya kumbishia: mtu wa nne akifika unakuwa tayari unajua atakwama wapi. Usimweleze mtu kitu. Usimsaidie. Kaa kimya kama unarekodi mazingira, halafu andika alipogusa.

Tabia ya pili ni hofu ya kutoa kazi. Sisi tumezoea kwamba kikishachapwa kimechapwa. Nina nakala 500 za kijitabu cha kwaya kwenye dhamiri yangu, zote zinasema "Mungu ametanda" badala ya "ametenda", na bado zinaimbwa hivyo hivyo. Baada ya hapo nikawa mtu wa prufu ya tano. Kwenye programu hiyo inakuua. Unatoa toleo dogo, watu wanalitumia, unarekebisha Jumatano, unatoa tena. Miezi ya mwanzo nilikuwa nawachelewesha wenzangu kwa kutaka skrini zote 20 zikamilike ndipo nionyeshe moja. Ukijikuta unasema "bado kidogo" kwa siku ya tatu, tuma kilichopo.

Hatua ya 3: Chagua mlango mmoja

Usijifunze vyote. Nimewaona watu wameanza na usanifu, wakaruka kwenda lugha za kompyuta, wakasikia akili mnemba inalipa, mwaka umekwisha na hawana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha.

Kwa mtu wa vitabu, mlango ulio wazi zaidi ni kuandika maneno ya ndani ya programu: vitufe, maonyo, menyu, ujumbe wa makosa. Programu nyingi zinazotumika Tanzania zina Kiswahili cha kutafsiriwa usiku, na anayejua kwamba "Kosa limetokea" halimsaidii mtu yeyote ana kazi. Kwa mpanga kurasa, nenda kwenye tovuti. Kwa mhariri wa video, kuna michoro inayotembea na kuna usanifu wa skrini. Mwandishi wa skripti na mtengeneza filamu za maisha halisi wanafaa sana kwenye utafiti wa watumiaji, ila hapa kusini sijaona anayelipia utafiti peke yake, kwa hiyo uambatanishe na kitu kingine.

Mimi niliingia kwa maneno, nikaishia kwenye skrini nzima.

Hatua ya 4: Vifaa

Habari njema: kama unahariri video, kompyuta yako tayari ina nguvu kuliko inavyohitajika. Usanifu wa skrini ni mwepesi. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kabisa, na kinachogharimu zaidi ni bando.

Programu inayotumika na wengi ni Figma. Inafanya kazi ndani ya kivinjari na ina daraja la bure linalokutosha kujifunzia. Penpot ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kwa michoro kuna Inkscape, nayo ya bure, na inafanya kazi bila intaneti. Usiabudu programu. Nilianza upangaji kurasa na PageMaker, iliyotoka 1985, kwenye kompyuta ya kiwanda cha uchapaji ambayo hata feni yake ilikuwa imekufa. Nikahamia InDesign. Adobe, wenye InDesign, walikubaliana mwaka 2022 kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, na Desemba 2023 mpango ukavunjika. Mwaka wowote anaweza kuja mwingine.

Sasa jambo la kwetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar pale Somanga, mabasi yakalala. Wiki iliyofuata nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, na Afrika Mashariki nzima ikawa inatambaa. Mimi nilikuwa na kikao cha kuwasilisha kazi. Kila kitu kilikuwa kwenye kivinjari, na kivinjari kikawa kinazunguka tu kama feni. Tangu siku hiyo kila jioni natoa nakala ya kazi kwa PDF, naihifadhi kwenye laptopu na kwenye flashi, na faili lenyewe la Figma nalipakua. Uliyezoea kuhifadhi video kwenye diski mbili hili hutahitaji kuambiwa mara mbili. Shida ni kwamba ukishaingia kwenye mambo ya mtandaoni unajisahau.

Hatua ya 5: Jifunze HTML na CSS hata kama hutaki kuwa mwandishi wa programu

Watu wa vitabu wanaogopa hapa, na ndio wangepaswa kuogopa kidogo kuliko wote. Ulipokuwa unapanga kitabu, hukuwa unabadilisha kila kichwa kwa mkono. Ulitengeneza mitindo: kichwa kikubwa, kichwa kidogo, matini, nukuu. Ukitaka vichwa vyote viwe vyekundu unabadilisha mtindo mara moja. HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za tovuti, ni hicho hicho. Kwenye HTML unasema hiki ni h1, yaani kichwa kikubwa, hiki ni h2, kichwa kidogo, hii ni p, aya. Kwenye CSS unasema h2 iwe na ukubwa gani na nafasi kiasi gani juu yake. Siku nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu mezani.

Kinachotofautiana ni karatasi. Kitabu cha A5 ni milimita 148 kwa 210, leo na kesho. Tovuti haina ukubwa. Simu nyingi za bei ya kawaida zinahesabu upana wa pikseli 360 hivi, laptopu ni mara nne ya hapo, na maandishi yanatiririka kufuata chombo. Kwa hiyo sahau ule mstari mmoja uliobaki pekee juu ya ukurasa, ambao tulikuwa tunaupigania mpaka usiku. Hapa hakuna juu ya ukurasa. Badala yake pigania haya: maandishi ya kusoma yasishuke chini ya pikseli 16, na mstari usiwe mrefu. Wachapaji wa vitabu wanapenda herufi 45 hadi 75 kwa mstari. Kwenye simu utapata kama 40, ambazo ni zile zile za manukuu ya filamu. Nafasi kati ya mistari iachie, Kiswahili kina maneno marefu.

Pa kujifunzia bure ni tovuti mbili: freeCodeCamp kwa mazoezi na MDN kwa marejeo. Sehemu kubwa ni kwa Kiingereza, sitakudanganya. Tafuta mwenzako mmoja msome pamoja, hata kama mmoja yuko Lindi na mwingine Masasi. Maneno ya kompyuta mtayazoea kabla ya sentensi.

JavaScript, lugha ya kuifanya tovuti itende mambo, iache mpaka uwe na tovuti mbili ulizozitengeneza kwa hizi mbili peke yake.

Hatua ya 6: Panga mwaka wako kwa msimu wa korosho

Usiache kazi ya zamani siku ya kwanza. Huku kwetu minada huanza Oktoba, na hela ikishaingia mikononi, harusi zinafuatana. Kuanzia hapo mpaka mwaka mpya mhariri wa video hana Jumamosi. Zile ndizo hela za kukubeba. Usijaribu kusoma kozi wakati huo, utajichukia bure. Mimi nilifanya harusi zote nilizopata, nikatenga fedha ya miezi minne ya kodi na bando, nikanunua kiroba cha unga. Mvua zilipokolea na simu kuacha kuita, nikasoma. Alfajiri saa kumi na moja mpaka saa mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, kisha naenda kwenye kurasa zangu za kila siku. Jumapili sigusi, na ming'oko, mizizi yetu ya porini, inaliwa.

Msimu wa kwanza nilijifunza. Msimu wa pili nilipata wateja wawili. Msimu wa tatu nikakataa harusi ya kwanza, na mama mwenye harusi hajanisamehe.

Hatua ya 7: Kazi tatu za kuonyesha

Tatu zinatosha, ila kila moja iwe na hadithi yake: tatizo lilikuwa nini, ulichora nini kwanza, watu walikwama wapi, ukabadilisha nini. Weka picha ya karatasi iliyochafuka. Weka ile skrini mbaya ya mwanzo kando ya ya mwisho. Sisi tumezoea kuficha prufu na kuonyesha kitabu kilichojaladiwa. Huku prufu ndiyo wanayotaka kuiona.

Kazi zisiwe za kubuni hewani. Tafuta tatizo unaloweza kulifikia kwa bajaji. Nyumba ya wageni Mikindani ambayo wageni wanauliza bei kwa simu kila saa. Ratiba ya mabasi ya Mtwara na Masasi iliyobandikwa ukutani. Kikundi cha wachonga vinyago wanaouza kwa picha za simu zenye kivuli cha mpiga picha. Na bango la filamu uliyohariri usiliweke, hata kama linakupendeza. Weka badala yake ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ulivyokata dakika 90 zikawa 12 na kwa nini. Hiyo wanaielewa.

Ukichukua majina na namba za simu za watu kwenye majaribio, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwenye filamu tulikuwa na karatasi ya kukubali kurekodiwa. Itumie ile ile, andika utakachokifanya na taarifa, mwache mtu aweke sahihi au dole gumba, na zikimaliza kazi zifute.

Hatua ya 8: Bei na makaratasi

Sajili jina la biashara BRELA, unafanya mtandaoni, na chukua namba ya mlipakodi TRA. Wateja wa mbali na taasisi hawakulipi bila hivyo. Anwani ya tovuti ya mteja inayoishia na .co.tz isajili kwa jina lake, si lako. Nimeokoa duka moja lililopoteza anwani yake kwa sababu kijana aliyewatengenezea alihamia Dodoma na namba yake haipatikani.

Bei yako usiiweke kwa ukurasa kama tulivyokuwa tunahesabu kwenye vitabu. Skrini moja inaweza kula wiki, na kumi zikaisha kwa siku. Weka kwa kazi nzima, na andika mabadiliko yanayoruhusiwa ni mangapi. Mimi huandika mawili. Kazi yangu ya kwanza sikuandika. Mteja alibadilisha rangi ya kitufe mara 14, akarudi kwenye ya kwanza, kisha akasema atalipa baada ya msimu. Hakusema msimu wa mwaka gani.

Sasa karatasi yangu ina mistari minne: kazi yenyewe, siku ya kukabidhi, mabadiliko mawili, na nusu ya malipo kabla ya kuanza. Mteja akiniambia "Wewe anza tu ndugu yangu, hela ipo", namjibu kwa heshima zote kwamba na mimi nipo, nasubiri ujumbe wa muamala uingie.